Peter Tosh: Msee Aliyetaka Bangi Ihalalishwe, Akachapwa na Makarao Nusura Afe

Ukisimama stage ya Mayoni ukingoja gari ya kuenda Mumias ama Bungoma, si ajabu nduthi ikupite ikiwa na sura ya Peter Tosh kwa madgadi. Miwani nyeusi, dreadi, moshi. Sura unaijua. Maisha yake je? Keti nikupe, juu kama wewe ni wa kutembea na kitu kwa mfuko, hii story inakuhusu.

Jina lake la kuzaliwa ni Winston Hubert McIntosh. Alizaliwa 19 Oktoba 1944, Westmoreland, Jamaika, na hakulelewa na wazazi wake. Akiwa kijana alihamia Trenchtown, mtaa wa masufferer pale Kingston. Huko akapatana na Bob Marley na Bunny Wailer, na 1963 wakaanzisha kundi la Wailers.

1974 Tosh alitoka kundini. 1976 akaachilia albamu ya Legalize It, na picha ya juu inamwonyesha amechuchumaa ndani ya shamba la ganja. Redio za Jamaika zilipiga ngoma hiyo marufuku. Kumbuka sheria ya kukataza ganja huko ililetwa na wakoloni Waingereza, 1913. Kwa Rasta, huo mmea ni wa ibada. Kwa karao, ilikuwa sababu ya kukufunga.

Sasa shika hapa. 22 Aprili 1978 kulikuwa na tamasha la amani Kingston. Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga walikuwa wameketi mbele. Tosh akawasha msokoto kwa stage na kuwasomea wakubwa hao live, kuhusu umaskini, polisi na ganja. Hakuna aliyemgusa siku hiyo.

Ilichukua miezi tu. Septemba mwaka huo makarao walimshika na msokoto, wakampeleka kituoni na kumchapa kinyama. Mkono ukavunjika, kichwa kikashonwa. Alieleza baadaye kuwa alipona kwa kujifanya amekufa.

Lakini si polisi waliommaliza. 11 Septemba 1987 majambazi walivamia nyumba yake Kingston wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 42. Mwaka uliofuata albamu yake ya mwisho, No Nuclear War, ilishinda Grammy, mwenyewe hayuko.

Jamaika ilibadilisha sheria 2015. Ukipatikana na aunsi 2 kushuka chini, unalipa faini ndogo na hauandikwi kama mhalifu. Nyumba inaruhusiwa miti 5. Ilikuwa miaka 28 baada ya kifo chake.

Na bado sheria haikuwa imemaliza na familia yake. Mtoto wake, Jawara McIntosh, alishikwa na bangi New Jersey, Marekani, 2013. Akiwa jela huko 2017, mfungwa mwingine alimpiga hadi akazirai, na hakuwahi kuwa sawa tena. Alikufa Julai 2020. Novemba hiyo hiyo, wakaaji wa New Jersey walipiga kura bangi ihalalishwe. Miezi minne, maze.

Sasa rudi Mayoni. Usidanganywe na mtu ati Kenya imelegeza. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alijaribu kupeleka mswada wa bangi 2018, lakini alifariki Julai 2019 na haukuwahi kuwa sheria. Marasta nao walienda High Court 2021. Sheria inayotumika ni ile ya 1994, iliyorekebishwa 2022. Ukiridhisha korti kwamba ni yako ya kuvuta tu, ni faini hadi shilingi 100,000 ama jela hadi miaka 5. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 10. Ukishindwa kuridhisha korti, mambo yanakuwa mazito zaidi. Na hakuna kiwango kidogo cha kukuachilia: hata roli moja ni kesi.

100,000 ni pesa ngapi kwa mtu wa nduthi? Piga hesabu mwenyewe.

Tosh alikuwa na jina dunia nzima na bado alivunjwa mkono. Wewe una madgadi tu. Kama unataka sheria ibadilike, sema, imba, andamana, piga kura. Lakini ukiwa kwa barabara ya Mumias, jua ni sheria gani iko kazini leo.