GEORG BÄHR (1666–1738), SEREMALA ALIYEJENGA KANISA LA DRESDEN

Usharika unapotimiza miaka mia moja, majina ya wachungaji na wainjilisti hukumbukwa kwanza, na ni haki yao. Majina ya mafundi waliopanga mawe na kuezeka paa husahaulika upesi. Kwa sababu hiyo imeonekana vema kuweka katika kitabu hiki maisha ya fundi mmoja wa Kilutheri, ambaye kazi ya mikono yake ilipata kuwa alama ya mji mzima wa Dresden, huko Ujerumani. Mji huo hauko mbali na historia yetu. Chama kilichokuja kujulikana kama Misioni ya Leipzig kilianzishwa Dresden mwaka 1836, kikahamia Leipzig mwaka 1848, na wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893.

Georg Bähr alizaliwa tarehe 15 Machi 1666 katika kijiji cha Fürstenwalde, kwenye milima ya kusini mwa Sachsen. Baba yake alikuwa mfumaji wa kitani, na nyumbani hapakuwa na mali. Kijana alijifunza useremala katika mji mdogo wa Lauenstein, kisha akashuka kwenda Dresden, makao ya mtawala wa Sachsen, kutafuta kazi. Mwaka 1705 baraza la mji lilimteua kuwa seremala mkuu wa mji, ingawa hakuwa na hati ya umahiri iliyotakiwa na desturi ya mafundi wa siku zile. Walioamua walitazama kazi yake.

Katika miaka iliyofuata alijenga makanisa ya vijijini. Kanisa la Loschwitz, lililokamilika mwaka 1708, lilikuwa na pembe nane, na hapo tayari linaonekana wazo lililomwongoza maisha yake yote. Alitaka kusanyiko likae kuizunguka madhabahu na mimbara, ili Neno lisikike na Sakramenti zionekane na watu wote.

Nyakati zile hazikuwa rahisi kwa Walutheri wa Dresden. Sachsen ilikuwa nchi ya Matengenezo ya Kanisa, lakini mwaka 1697 mtawala wao, August aliyeitwa Mwenye Nguvu, alijiunga na Kanisa Katoliki ili apate taji la Poland. Wananchi walibaki katika imani yao. Kanisa lao la kale la Frauenkirche, yaani Kanisa la Mama Yetu, lilikuwa limechakaa hata likawa hatari kwa waabudu. Mwaka 1722 baraza la mji lilimwagiza Bähr aandae michoro ya kanisa jipya. Michoro ilikataliwa, ikarekebishwa, ikajadiliwa tena. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 26 Agosti 1726, wakati fundi huyo akiwa na umri wa miaka 60.

Hapo awali kuba lilikusudiwa kuwa la mbao lililofunikwa kwa shaba. Baadaye Bähr alishikilia kwamba lijengwe lote kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa kando ya mto Elbe. Kuba la namna hiyo lilikuwa na uzito wa maelfu ya tani, nao uliegemea juu ya nguzo nane. Wataalamu walitia shaka, na nyufa zilipoonekana shaka ikazidi. Fedha nazo zilipungua, na ujenzi ukaendelea kwa sehemu kwa michango iliyokuwa imekusanywa kwa ajili ya Waprotestanti waliofukuzwa Salzburg. Jambo hili halina budi kutajwa, kwa maana historia ya kanisa haiandikwi kwa kuficha mahali ambapo dhamiri ingepaswa kusumbuka.

Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1734, kuba likiwa bado halijakamilika. Kinanda kikubwa cha Gottfried Silbermann kilizinduliwa mwaka 1736, na tarehe 1 Desemba mwaka huo Johann Sebastian Bach alikipiga mbele ya wasikilizaji. Bähr alifariki tarehe 16 Machi 1738, siku moja baada ya kutimiza miaka 72. Hakuuona msalaba ukisimikwa juu ya kilele. Kazi hiyo ilimalizwa na wengine mwaka 1743. Kama Daudi aliyeandaa mawe na mierezi akamwachia Sulemani kujenga, ndivyo naye alivyoondoka kazi yake ikibishaniwa.

Miaka iliyofuata ilimtetea. Mwaka 1760 jeshi la Prussia liliushambulia mji kwa mizinga. Makombora yalilipiga kuba, nalo likasimama. Mwaka 1854 mabaki ya Bähr yalihamishwa kutoka makaburini na kuzikwa chini ya kanisa lake.

Mwezi Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliuteketeza mji. Watu wapatao 25,000 walipoteza maisha. Kanisa lilisimama katikati ya moto kwa siku mbili, kisha asubuhi ya tarehe 15 nguzo zilizokwisha kuunguzwa na joto kali zikashindwa, na kuba likaanguka. Kifusi kilibaki pale kwa muda wa miaka 48. Kuanzia mwaka 1982 vijana walikusanyika hapo na mishumaa kuomba amani.

Ujenzi mpya ulianza mwaka 1994, na kanisa likawekwa wakfu tena tarehe 30 Oktoba 2005. Gharama zilikaribia euro milioni 180, na zaidi ya nusu ilitoka kwa wachangiaji wa nchi nyingi. Msalaba wa juu ulitengenezwa na fundi wa London ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale. Mafundi walifuata michoro ya Bähr kwa uaminifu, na pale mahesabu yake yalipokuwa na upungufu waliimarisha. Maelfu ya mawe ya zamani yalirudishwa ukutani. Ni meusi kwa moto na kwa umri, nayo huonekana wazi katikati ya mawe mapya meupe.

Kazi hiyo isingewezekana kama kumbukumbu zisingetunzwa. Mafundi walitegemea michoro, vipimo na picha, hata picha za arusi zilizopigwa mlangoni pa kanisa na kuhifadhiwa na familia kwa miaka mingi. Hapo ndipo maisha ya Bähr yanapotugusa sisi. Majengo yetu ya kale ya misioni yanazeeka, na mengine hubomolewa kabla mtu hajayapima wala kuandika ni nani aliyeyajenga. Wazee wa kanisa na washarika wote wanaombwa kuzitunza hati, ramani na picha walizo nazo majumbani, na kuyaandika majina ya mafundi wangali wapo wanaoyakumbuka. Watakaoadhimisha miaka mia mbili watazihitaji. Mungu awabariki wote waliojenga na wote wanaotunza.