Benjamin Franklin na Ndoo za Ngozi



Wengi tunamfahamu Benjamin Franklin kwa sura yake iliyo kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuanzisha kikosi cha wananchi cha kuzima moto, naye akiwa mwanachama mwenye ndoo zake kama wenzake. Upande huo wa maisha yake unatuhusu sisi tunaochangishana kila mwaka.

Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa 15 kati ya watoto 17 wa mzee Josiah, mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Shule alisoma kama miaka miwili tu. Alipofika miaka 12 aliwekwa chini ya kaka yake James ajifunze uchapaji. Hawakupatana, na mwaka 1723 kijana akatoroka hadi Philadelphia akiwa na fedha kidogo sana mfukoni. Alifanya kazi kwa bidii, na mwaka 1729 akalinunua gazeti la Pennsylvania Gazette.

Philadelphia ya wakati huo ilipika na kuota moto wa kuni, na usiku watu waliwasha mishumaa. Mwaka 1730 moto ulizuka bandarini ukateketeza maghala na nyumba. Miaka mitano baadaye Franklin aliandika gazetini, akijifanya mzee wa mji. Aliwakanya watu wasibebe makaa kwenye koleo lililo wazi kutoka chumba hadi chumba, akataka wasafishaji wa dohani wawe na leseni. Kisha akagusa penye tatizo: pampu zilikuwa zimeshanunuliwa za kutosha, ila sehemu nyingi za mji hazikuwa na maji ya kuziendesha hata nusu saa. Watu nao walikuwa na moyo wa kusaidia, lakini hawakuwa na utaratibu.

Boston kulikuwa na chama cha kusaidiana wakati wa moto. Alichukua wazo hilo, na tarehe 7 Desemba 1736 yeye na wenzake wakaunda Union Fire Company, chenye wanachama 30. Hakuna aliyelipwa. Kila mmoja alinunua kwa fedha yake ndoo za ngozi za kubebea maji na mifuko imara ya kuokolea mali isiungue wala kuibwa, akaviandika herufi za jina lake. Vifaa hivyo havikuruhusiwa kutumika kwa shughuli nyingine. Walikutana kila mwezi kujadili moto na namna ya kuukabili, na asiyehudhuria alitozwa faini.

Mimi ni mhasibu, na hapo kwenye faini ndipo naona akili ya mtu huyu. Fedha hizo ndogo ndogo ziliwekwa pamoja zikanunua pampu, ngazi na kulabu za kuangushia mapaa yanayowaka. Utoro wa mwanachama mmoja ukageuka kifaa cha wote. Watu wengine walipotaka kujiunga, hawakuongezwa kwenye orodha ile. Walishauriwa waunde kikosi chao, na hivyo vikosi vikaongezeka mpaka wenye nyumba wengi wa mji wakawa na pa kujiandikisha.

Pampu za enzi hizo zilikuwa sanduku la mbao lenye magurudumu. Watu walipanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo kulijaza, na wanaume pande mbili wakipandisha na kushusha mikono yake ili maji yaruke juu. Mstari ukikatika, pampu inakauka.

Mwaka 1752, yeye na wenzake wa kikosi walishiriki kuanzisha bima ya moto ya kuchangiana, Philadelphia Contributionship. Nembo yake ni mikono minne iliyoshikana, na kampuni hiyo ipo hadi leo. Mwaka huohuo alifanya majaribio ya radi, yaliyoleta fimbo ya chuma ya kukinga nyumba. Hakutaka hakimiliki ya vitu alivyobuni.

Hakuwa malaika. Alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Uzeeni aligeuka, akawa rais wa chama cha kupinga utumwa, na mwaka 1790 akaliandikia Bunge likomeshe biashara hiyo. Alifariki tarehe 17 Aprili mwaka huo, akiwa na miaka 84. Alipokuwa anamalizia kuandika habari za maisha yake, kikosi kilikuwa kimepita miaka 50 na kilikuwa bado kinakutana. Waanzilishi wote walikuwa wamekufa, isipokuwa yeye na mwenzake mmoja aliyemzidi mwaka mmoja.

Ndugu zangu, kwetu vibanda vya soko vimebanana, na gari la zimamoto haliwezi kukaa kila kijiji. Namba 114 tuijue na tuipige, lakini kabla gari halijafika tutakaokuwepo ni sisi na majirani. Tukichanga fedha za vifaa, tuchange pia utaratibu: nani anatunza ngazi, maji yanachotwa wapi, nani anakagua ndoo kila mwezi, na faini ya asiyefika inaandikwa wapi. Kifaa kisicho na daftari hufungiwa stoo, na siku ya moto ufunguo hauonekani.