Wayland, Mzungu aliyelisaka Ziwa Victoria nchi kavu

Mfanyabiashara anayetoa mzigo Owino kwenda Mutukula hupita karibu na ghuba ya Sango. Hapo, mwaka 1920, Edward James Wayland aliokota mawe yaliyochongwa na watu wa kale.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1888, akafanya kazi Msumbiji na Ceylon, kisha mwaka 1919 akaja Entebbe kuanzisha idara ya jiolojia ya Uganda. Wengi humtaja kwa mafuta ya Ziwa Albert, aliyoyaandikia ripoti mwaka 1925. Mimi namkumbuka kwa maji.

Kando ya Ziwa Victoria na mto Kagera aliona changarawe za ufukwe zikiwa juu sana ya maji ya leo. Akasema zamani kulikuwa na vipindi vya mvua kubwa, kimoja akakiita cha Kagera, na kwamba mvua hizo zilinyesha wakati Ulaya imefunikwa na barafu. Louis Leakey akaichukua hoja hiyo Kenya, ikatawala miaka mingi.

Kasoro ni kwamba ufukwe mkavu hausemi maji yalifika lini, na ardhi yetu hii huinuka na kuinama. Tope la chini ya ziwa ni shahidi bora. Sisi wa Owino tunaujua mtaro wa Nakivubo: mvua ikipiga, hubeba taka na udongo kuelekea ghuba ya Murchison. Huko tope hutua na kupangika kama marobota ghalani, la chini likiwa la kwanza kuingia. Maji yakiwa na kina, hutua tope laini, yakipungua, mchanga, ziwa likikauka, hubaki udongo mgumu wenye vijizizi vya majani.

Mwaka 1969 Robert Kendall alichapisha uchunguzi wa tope la ghuba ya Pilkington, karibu na Buvuma, ulioonyesha ukame mkali wa kale. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walionyesha kuwa ziwa zima lilikuwa limekauka, nalo likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Yaani Ulaya ilipokuwa bado na barafu, huku kwetu kulikuwa na kiangazi, na pale Jinja hapakuwa na Nile.

Nyinyi mliorudi nyumbani mkakuta mafuriko ya 2020 yamemeza mialo, ziwa ni hilohilo.

Wayland alifariki mwaka 1966, miaka mitatu kabla ya maandishi ya Kendall. Ufundi wa mawe yale wataalamu bado huuita kwa jina la Sango.