Sophia Jex-Blake na lango la Edinburgh

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hukifahamu Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kwa kuwa ndiko alikosomea Mwalimu Julius Nyerere, aliyehitimu mwaka 1952. Miaka 82 kabla ya hapo, katika mji huo huo, wanafunzi wa kike wa chuo hicho walirushiwa matope na wenzao wa kiume walipokuwa wakienda kufanya mtihani.

Aliyewaongoza alikuwa Sophia Jex-Blake. Alizaliwa tarehe 21 Januari 1840 katika mji wa Hastings, kusini mwa England, kwenye familia yenye uwezo na yenye kushika dini. Baba yake, Thomas, mwanasheria mstaafu, alimpenda sana bintiye, lakini kama wazee wengi wa tabaka lake aliamini kwamba binti wa heshima hafanyi kazi kwa ujira.

Mvutano kati yao haukuchelewa. Mwaka 1858 Sophia alijiunga na Queen's College, London, na kabla hata hajamaliza masomo aliombwa awafundishe wenzake hesabu. Baba akakubali afundishe, ila asipokee mshahara. Binti alibishana naye kwa barua, akitaka kujua kwa nini malipo yanayompa mwanamume hadhi yamvunjie mwanamke heshima. Hatimaye alifundisha bila malipo.

Kutoka Boston hadi Scotland

Mwaka 1865 alikwenda Marekani kutazama jinsi wasichana wanavyosomeshwa huko, akiwa na nia ya kuwa mwalimu. Boston ilimbadilisha. Alifanya kazi katika hospitali ya wanawake na watoto chini ya Dakta Lucy Sewall, akaona wanawake wakitibu, wakipasua na kuandika dawa, jambo ambalo kwao Uingereza lilikuwa nadra mno. Mwaka 1867 aliomba nafasi Chuo Kikuu cha Harvard. Alijibiwa kwamba chuo hakikuwa na mpango wa kumsomesha mwanamke katika kitivo chochote. Mwaka uliofuata alianza masomo New York kwa Dakta Elizabeth Blackwell, lakini baba yake akafariki dunia, akalazimika kurudi nyumbani kwa mama yake.

Nchini Uingereza mlango ulikuwa umefungwa kwa ustadi. Sheria ya mwaka 1858 haikumtaja mwanamke kabisa. Ilisema tu kwamba daktari asajiliwe akiwa na cheti cha taasisi ya Uingereza, na hakuna taasisi iliyokuwa tayari kumpa mwanamke cheti hicho. Elizabeth Garrett alipopata upenyo mwaka 1865 kupitia chama cha wauza dawa, chama hicho kilibadili kanuni zake ili asipite mwingine.

Hoja ya Sophia ilikuwa nyepesi. Wako wanawake wanaoficha maradhi yao hadi yakawaua kwa sababu wanaona haya kumweleza mwanamume, na wana haki ya kutibiwa na mwanamke mwenzao. Hoja hiyo haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Pemba au Muscat. Edinburgh ya wakati ule ilihitaji maelezo mengi.

Mwezi Machi 1869 aliomba kusomea udaktari huko. Kitivo kiliridhia, na seneti pia, lakini baraza kuu la chuo likakataa, likisema haiwezekani kufanya mipango maalumu kwa ajili ya mwanamke mmoja tu. Sophia aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Ikiwa tatizo ni umoja, basi atafute wenzake. Tangazo gazetini likawaleta Isabel Thorne, Edith Pechey, Matilda Chaplin, Helen Evans, Mary Anderson na Emily Bovell, wakawa saba.

Wanawake watano walifanya mtihani wa kujiunga uliokuwa na watahiniwa 152, na wanne kati yao wakawa miongoni mwa saba bora. Tarehe 2 Novemba 1869 walitia saini katika daftari la wanafunzi.

Kuandikishwa hakukuwa na maana ya kupokewa. Walitakiwa kusoma katika madarasa ya peke yao, walipe karo kubwa zaidi, tena kila profesa akawa na hiari ya kuwafundisha au kutowafundisha. Edith Pechey aliposhinda katika mtihani wa kemia mwaka 1870 na kustahili tuzo ya Hope, tuzo ilipewa wanaume waliokuwa nyuma yake. Kuna watu wanaodhani uhasama ulianza na fujo za mitaani. Ulianzia ofisini, kwa kalamu.

Siku ya matope

Tarehe 18 Novemba 1870, wanawake hao walikwenda katika jengo la Surgeons' Hall kufanya mtihani wa elimu ya viungo vya mwili. Walikuta umati wa watu zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, umeziba barabara hata magari ya farasi yakashindwa kupita. Walitukanwa, wakarushiwa matope, na walipofika langoni, lango likabamizwa mbele ya nyuso zao.

Hawakurudi nyuma. Mwanafunzi mmoja wa kiume aliyewaunga mkono alilifungua lango kwa nguvu kutoka ndani, wakaingia na kukaa kwenye viti vyao, nguo zikiwa zimechafuka. Mtihani ukiendelea, waliokuwa nje wakamsukumiza chumbani kondoo aliyekuwa akifugwa mahali pale. Mwalimu aliyesimamia akaamuru kondoo aachwe, kwani kwa maoni yake alikuwa na akili kuliko waliomleta.

Walipomaliza walishauriwa watokee mlango wa nyuma. Sophia alikataa, wakatoka kwa mbele, wakisindikizwa na wanafunzi wenzao wa kiume, wengine wakiwa wameshika mifupa ya darasani kama silaha. Inafaa wanaume hao wakumbukwe pia, kwani waliendelea kuwalinda njiani kwa siku kadhaa baadaye.

Fujo hizo ziliwageukia waliozipanga. Habari zilienea nchi nzima, na waliotoa majina yao kuwaunga mkono wanawake hao wakazidi 300, akiwemo Charles Darwin, ambaye mwenyewe aliwahi kuanza udaktari Edinburgh akauacha.

Mahakamani

Hata hivyo Sophia hakuwa mtu wa kupima maneno. Mwezi Januari 1871, katika mkutano wa hadhara, alimtuhumu msaidizi wa Profesa Robert Christison, mpinzani wao mkubwa, kwamba aliongoza fujo zile, tena akiwa amelewa. Msaidizi huyo alifungua kesi akidai fidia ya pauni 1,000. Wazee wa baraza walimpa farthing moja, yaani robo ya peni, lakini Sophia akabebeshwa gharama za kesi zilizozidi pauni 900. Wafuasi wake walichanga na kuzilipa.

Mwaka 1872 alishindwa mtihani wake wa kwanza wa udaktari. Alikuwa akishinda kwenye mikutano na kwa mawakili, na vitabu vilibaki vikimngoja. Wapinzani wake walifurahi kupita kiasi.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1873. Majaji wa rufaa, kwa wingi mdogo, waliamua kwamba chuo hakikulazimika kuwapa wanawake shahada, na kwamba hata kuwaandikisha tangu mwanzo kulikuwa nje ya mamlaka yake. Miaka minne ya masomo ikafutika.

Sophia akahamishia vita London. Mwezi Oktoba 1874 shule ya udaktari ya wanawake ilifunguliwa kwa juhudi zake, ikiwa na wanafunzi 14, na 12 kati yao walitoka Edinburgh. Mwaka 1876 Bunge likapitisha sheria iliyoruhusu, bila kulazimisha, taasisi za tiba kuwapa wanawake vyeti. Chuo cha matabibu cha Ireland ndicho kilichotangulia kuitumia. Sophia alipata shahada yake mjini Bern, Uswisi, mwezi Januari 1877, akafanya mtihani Dublin mwaka huo huo, na jina lake likaingia katika daftari la madaktari.

Lakini ulipofika wakati wa kuchagua katibu wa shule aliyoianzisha, wenzake walimpa nafasi hiyo Isabel Thorne, mtu mpole zaidi. Ukali uliobomoa milango haukufaa kuendesha nyumba.

Alirudi Edinburgh mwaka 1878, akafungua zahanati kwa wanawake maskini, iliyokua ikawa hospitali, na mwaka 1886 akaanzisha shule nyingine ya udaktari. Huko nako aligombana na wanafunzi wake. Wasichana wawili wa ukoo wa Cadell walibaki wodini baada ya saa zilizoruhusiwa wakimtazama mgonjwa, naye akawafukuza. Walimshitaki wakashinda. Elsie Inglis, mwanafunzi mwingine aliyechoshwa na amri zake, alianzisha shule pinzani. Ni vigumu kutomwona hapa Sophia wa mwaka 1870, safari hii akiwa upande wa pili wa lango.

Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianza kuwapokea wanawake kusomea shahada mwaka 1892, na shule yake, ambayo haikuhitajika tena, ilifungwa mwaka 1898. Alistaafu mwaka uliofuata, akaenda kuishi Sussex pamoja na Dakta Margaret Todd, ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha yake. Alifariki dunia tarehe 7 Januari 1912, akiwa na umri wa miaka 71.

Tarehe 6 Julai 2019 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwatunuku Sophia Jex-Blake na wenzake sita shahada za udaktari walizonyimwa. Zilipokewa kwa niaba yao na wanafunzi saba wa kike waliokuwa wakisomea udaktari chuoni hapo.