Muindi Mbingu na somo la udongo

Marehemu Samuel Muindi Mbingu, mzaliwa wa Ngelani, Machakos, anakumbukwa kwa kutetea mifugo ya Wakamba. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilidai kwamba wingi wa ng'ombe ndio uliokuwa ukimomonyoa udongo, ikaamuru wauzwe kwa lazima. Muindi, kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association, alishikilia kuwa malisho yalipungua kwa sababu walowezi walikuwa wametwaa ardhi. Julai mwaka huo aliongoza umati hadi Nairobi, ukapiga kambi kwa wiki kadhaa. Amri ilibatilishwa, lakini yeye akahamishiwa Lamu, asirejee hadi baada ya vita.

Baadaye vikundi vya mwethya vilifunika miteremko ya Machakos kwa matuta ya fanya juu.

Mwalimu wa Kathiani aweza kulifundisha jambo hili kwa makarai mawili ya udongo yaliyoinamishwa, moja likiwa na nyasi, jingine tupu. Yakimwagiwa maji sawasawa, lililo tupu hutoa tope. Mtoto akishaona hayo, na aulize pia swali la Muindi: nani aliyezimaliza nyasi?