Uzia, Mfalme Aliyependa Ukulima

Wako wafalme wengi wa Yuda na wa Israeli ambao majina yao twayasikia kanisani, walakini yuko mmoja ambaye mtu wa bonde la Kilombero angemfahamu upesi kuliko wenzake, maana alikuwa mkulima. Jina lake ni Uzia. Habari zake zimo katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 26; na katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 15, huitwa Azaria. Alitawala miaka 52, akafanya kazi nyingi njema, kisha akaanguka siku moja, wala hakurudia tena hali yake ya kwanza. Na tuyafuate maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, tuone alianguka kwa sababu gani.

Uzia alikuwa wa nyumba ya Daudi. Baba yake ni mfalme Amazia, na mama yake ni Yekolia, mtu wa Yerusalemu. Amazia naye alianza vizuri. Aliwashinda Waedomu, lakini ushindi ule ukamlewesha, akamchokoza mfalme wa Israeli, jirani yake wa kaskazini, waje wapigane. Wakapigana, na watu wa Yuda wakashindwa. Adui akabomoa ukuta wa Yerusalemu kadiri ya dhiraa 400, akachukua dhahabu na fedha ya hekalu, akaenda zake. Hatimaye watu wa Amazia wenyewe wakamfanyia fitina. Akakimbilia mji wa Lakishi, wakatuma watu wakamwua huko. Ndipo watu wote wa Yuda wakamtwaa Uzia, kijana wa miaka 16, wakamtawaza mahali pa baba yake. Mambo haya yalikuwa karibu na mwanzo wa karne ya 8 kabla ya Kristo.

Basi fikirini urithi wa kijana huyu: ukuta uliobomoka, hazina tupu, na baba aliyeuawa na raia zake. Lakini alikuwa na kitu kimoja chema kupita mali, yaani mwalimu. Palikuwa na mtu jina lake Zekaria, mwenye ufahamu katika mambo ya Mungu, na katika siku za mtu huyo Uzia alijitia kumtafuta Bwana. Maandiko yasema wazi ya kwamba muda wote alipomtafuta Bwana, Mungu alimfanikisha. Tuliweke jambo hili moyoni, maana ndani yake umo ufunguo wa habari yote.

Uzia akaanza kazi. Akaujenga tena mji wa Elothi, ulio kwenye ncha ya Bahari ya Shamu, akaurudisha kwa Yuda. Akapigana na Wafilisti, akabomoa kuta za Gathi, na za Yabne, na za Ashdodi. Waamoni wakamletea zawadi, na sifa zake zikaenea hata kuingia Misri. Katika Yerusalemu akajenga minara penye lango la pembeni, na penye lango la bondeni, na mahali ukuta ulipogeuka, akaiimarisha. Jeshi lake lilihesabiwa kuwa watu 307,500, chini ya wakuu 2,600. Akawapa ngao na mikuki, na chapeo na pinde. Tena mafundi wakamtengenezea mitambo ya kuwekwa juu ya minara, ili kurusha mishale na mawe makubwa.

Lakini pamoja na vita vyote hivyo, moyo wa Uzia ulikuwa shambani. Nchi ya Yuda haifanani na bonde letu. Hapa mto hufurika, mbuga hunywa maji, na mkulima wa Mlabani hutazama mpunga wake ukisimama majini. Kule Yuda mvua ni ya miezi michache, na jangwa li karibu. Asiyehifadhi maji hana mifugo wala chakula. Kwa hiyo Uzia akachimba mabirika mengi ya kuwekea maji ya mvua. Akajenga minara hata jangwani, ili walinzi wapate kukaa juu na kuangalia, kama vile sisi tunavyokaa juu ya dungu tukilinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Alikuwa na ng'ombe wengi nchi za chini na nchi tambarare, na wakulima na watunza mizabibu milimani. Na Maandiko yatoa sababu moja tu ya kazi hii yote: aliupenda ukulima. Wafalme wengine husifiwa kwa vita au kwa majumba; huyu amesifiwa kwa kuipenda ardhi.

Yeyote aliyelima ajua ya kwamba upendo huu si jambo dogo. Watu wa Yuda walishiba kwa sababu mfalme wao alijali maji na udongo. Na ushibaji wao ulikuwa kazi ya Mungu kwa mkono wa Uzia, kwa maana twasoma ya kwamba alisaidiwa kwa ajabu hata akawa na nguvu.

Walakini hapo hapo mambo yalipogeuka. Alipokuwa dhaifu alimtafuta Bwana. Alipokuwa na nguvu moyo wake ukainuka, hata akajiharibu. Wala hakuzifuata sanamu, kama walivyofanya wafalme wengi. Siku moja aliingia hekaluni mwa Mungu wa kweli, ameshika chetezo, ili afukize uvumba juu ya madhabahu. Labda mtu atauliza: Je! kuna ubaya gani mfalme kutaka kumwabudu Bwana? Ubaya ni huu, ya kwamba kazi ile Mungu alikuwa amewapa wana wa Haruni peke yao. Wafalme wa mataifa ya jirani walikuwa wafalme na makuhani pamoja. Lakini katika Yuda Mungu alikuwa ameweka mpaka, ili asiwepo mtu mmoja mwenye kushika kila kitu mkononi mwake. Uzia alikuwa na jeshi, na mifugo, na mashamba, na sifa. Kimebaki kitu kimoja tu kisicho chake, nacho ndicho alichokitamani.

Ndipo akaingia nyuma yake Azaria kuhani, na pamoja naye makuhani 80, watu mashujaa. Tuupime ushujaa wao. Mfalme huyu ana majeshi mlangoni, nao hawana kitu ila neno la Mungu. Wakasimama mbele yake, wakamwambia kwamba kazi hii si yake, na atoke patakatifu, kwa maana haitamletea heshima kutoka kwa Mungu. Hawakumpiga, wala hawakumtukana. Hapo palikuwa na nafasi ya toba. Mfalme Daudi, babu yake, alikemewa na nabii Nathani kwa dhambi iliyo kubwa kuliko hii, naye akakiri akasamehewa. Uzia alikasirika. Na alipokuwa akiwakasirikia makuhani, chetezo kikali mkononi mwake, ukoma ukamtokea katika kipaji cha uso. Makuhani wakamtoa upesi, na yeye mwenyewe akafanya haraka kutoka.

Ndugu, hapa yanipasa kusema neno kwa uangalifu, kwa maana wengi wameumizwa na habari hii ikisomwa vibaya. Neno lile la Kiebrania lilitumika kwa magonjwa mengi ya ngozi, hata kwa ukungu wa nguo na wa kuta za nyumba. Na ukoma tunaoujua leo una asili yake: mwaka 1873 daktari wa Norwe, Armauer Hansen, katika mji wa Bergen, alikiona kijidudu kiletacho ugonjwa huo. Tangu miaka ya 1980 iko tiba ya dawa kadhaa zinazotumiwa pamoja. Hutolewa bure, na mgonjwa azimezaye kwa miezi 6 au 12, kama alivyoagizwa, hupona. Mwenye baka mwilini lisilosikia hata likiguswa asifiche. Na aende hospitali mapema. Watu wa Ifakara wanajua Nazareti, mahali ambapo wagonjwa wa ukoma walitunzwa. Basi mtu asimtazame mgonjwa akadhani anamwona Uzia. Bwana Yesu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, alikataa hesabu hiyo. Na mwenye ukoma alipomjia, alinyosha mkono akamgusa.

Uzia akakaa katika nyumba ya peke yake hata siku ya kufa kwake, ametengwa na nyumba ya Bwana. Yothamu mwanawe akawa juu ya nyumba ya mfalme, akiwahukumu watu. Mabirika yalikuwapo bado, na minara, na mizabibu milimani. Lakini mwenye kuvijenga hakutoka tena na watu kwenda hekaluni. Alitaka kuingia mahali pasipo pake, akapoteza hata mahali palipokuwa pake. Alipokufa walimzika katika shamba la maziara ya wafalme, kwa sababu walisema ni mwenye ukoma. Hata mifupa yake haikutulia: mwaka 1931 Profesa E. L. Sukenik alikuta katika nyumba ya watawa wa Kirusi, juu ya mlima wa Mizeituni, kibao cha jiwe cha nyakati za karibu na Bwana Yesu, kilichoandikwa kwa Kiaramu ya kwamba mifupa ya Uzia mfalme wa Yuda ililetwa hapo, na ya kwamba pasifunguliwe.

Lakini habari haikuishia kaburini. Katika mwaka ule ule aliokufa mfalme Uzia, Isaya alimwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi, na hekalu limejaa moshi. Uzia aliingia patakatifu kwa kiburi, akatoka na ugonjwa. Isaya alijiona yu mchafu, akalia kwa ajili ya midomo yake, naye akatakaswa kwa kaa la moto kutoka madhabahuni, akatumwa. Mlango wa neema haukufungwa kwa mwenye kujinyenyekeza.

Sisi Wakristo tujifunze nini? Kwanza, siku za kushiba zina hatari kupita siku za njaa. Mtu aanzaye na ekari moja huomba mvua kwa machozi. Akiisha kupata ekari kumi na trekta, mara huanza kusema kwamba ni akili yake. Akitoa mabati ya kanisa, ashukuriwe. Lakini mabati hayamnunulii mamlaka ya kumwamuru mchungaji aseme nini mimbarini, wala ya kushika funguo za hazina bila wazee kujua. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 14, hufundisha ya kwamba mtu asihubiri hadharani wala asitoe sakramenti kanisani asipoitwa kwa utaratibu. Mpaka huo humlinda hata mwenye nguvu. Na mchungaji asijivune kwa sababu ya neno hili, kwa maana yeye naye aweza kutamani vya watu wengine.

Tena, Uzia aliidharau kazi yake bila kujua. Martin Luther alifundisha ya kwamba kazi ya mkulima, na ya mama aleaye watoto, na ya hakimu, ikifanywa kwa imani, ni utumishi wa Mungu kama ulivyo utumishi wa madhabahuni. Katika Kristo pazia limepasuka, nasi sote twamwendea Mungu kwa maombi. Yeye apaliliaye mpunga wake na kumpa jirani haki yake, amekwisha kumtumikia Bwana. Laiti Uzia angalijua ya kwamba birika alilochimba lilikuwa sadaka yake!

Mwisho, na tuwapende wale wanaotuonya. Amazia alikemewa na nabii, akamnyamazisha. Uzia akaifuata njia ya baba yake. Lakini Yothamu aliyaona hayo kwa macho yake, akafanya yaliyo mema aliyoyafanya baba yake, ila hekaluni hakuingia kama yeye. Basi wewe usomaye, akija mzee wa kanisa mlangoni pako jioni, kukuonya kwa upole juu ya jambo fulani, usiwake hasira. Mpe kiti, umsikilize hata amalize. Huenda Mungu amemtuma wakati ungali na nafasi ya kukiweka chetezo chini.