Nettie Stevens, mwalimu aliyefumbua siri ya jinsia

Kwa karne nyingi, mwanamke aliyezaa mabinti watupu alibeba lawama peke yake. Wataalamu nao hawakuwa na jibu la kumtetea. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, wengi wao huko Ulaya na Marekani walishikilia kwamba lishe ya mama au joto la mazingira ndilo huamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Jibu lilipatikana mwaka 1905 ndani ya mdudu wa unga, na aliyelipata alikuwa mwalimu wa shule aliyeingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 35.

Nettie Maria Stevens alizaliwa Julai 7, 1861, mjini Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani. Baba yake alikuwa seremala. Zama hizo msichana mwenye kiu ya elimu hakuwa na milango mingi ya kubisha, naye akashika ualimu. Alifundisha, akahudumu pia katika maktaba, huku akidunduliza mshahara wake mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1896 alivuka nchi nzima hadi Chuo Kikuu cha Stanford, California. Kufikia mwaka 1900 alikuwa na shahada mbili, na mwaka 1903 akatunukiwa uzamivu na Bryn Mawr, chuo cha wanawake huko Pennsylvania. Katika miaka hiyo alipata pia kusoma Napoli, Italia, na Würzburg, Ujerumani, kwa Theodor Boveri, mmoja wa wajuzi wakubwa wa seli wa wakati wake.

Wanasayansi walikwisha kuziona kromosomu, zile nyuzi ndogo zilizomo katika kiini cha seli, ila walibishana kuhusu kazi yake. Mwaka 1891 Mjerumani Hermann Henking aliona kitu cha ajabu katika baadhi ya mbegu za kiume za mdudu. Asijue ni nini, akakiita X. Herufi hiyo ya mashaka ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Stevens aliomba ruzuku katika Taasisi ya Carnegie, akaketi mbele ya hadubini. Alikata tishu za wadudu vipande vyembamba mno, akavitia rangi, akahesabu kromosomu moja baada ya nyingine. Kwa mdudu wa unga, seli za jike zilikuwa na kromosomu 20 kubwa. Za dume zilikuwa 19 kubwa na moja ndogo sana. Kwa hiyo mayai yote yalibeba kromosomu 10 kubwa, lakini mbegu za dume zilikuwa za namna mbili: nusu zilibeba 10 kubwa, na nusu zilibeba 9 kubwa pamoja na ile ndogo. Yai likikutana na mbegu ya namna ya kwanza, huzaliwa jike. Likikutana na ya pili, huzaliwa dume.

Mwaka huohuo Edmund Wilson wa Chuo Kikuu cha Columbia alifikia matokeo yanayokaribiana na hayo, ingawa yeye bado aliyaachia mazingira nafasi. Wilson alikuwa na jina kubwa, Stevens hakuwa nalo, na vitabu vingi vya shule vikafuata jina. Vingine vilimpa sifa hiyo Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa mwalimu wake Bryn Mawr na aliyetunukiwa Nobel mwaka 1933 kwa kazi ya kromosomu na urithi. Ajabu ni kwamba mwaka 1905 Morgan mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozitilia shaka kromosomu.

Bryn Mawr hatimaye ilimwandalia Stevens cheo cha profesa wa utafiti, lakini hakuwahi kukikalia. Saratani ya matiti ilimuua mjini Baltimore, Mei 4, 1912, akiwa na miaka 50.

Kwa binadamu, hesabu kamili ya kromosomu 46 ilijulikana mwaka 1956 tu. Yai la mama hubeba X daima. Mbegu ya baba hubeba X au Y, wala baba hana uwezo wa kuchagua. Mwaka 1959 ilibainika kwamba mwenye X mbili na Y moja hukua mwanamume, na mwenye X moja pekee hukua mwanamke: Y ndiyo yenye neno la uamuzi. Mwaka 1990 watafiti mjini London waliitambua jeni iliyomo katika Y, iitwayo SRY. Kwa majuma kama sita ya mwanzo, tezi za uzazi za mimba zote hufanana, kisha jeni hiyo huamsha ukuaji wa korodani. Ikiwa na hitilafu, mtoto mwenye XY anaweza kukua na mwili wa kike. Ikihamia kwenye X wakati mbegu za baba zinapoundwa, mwenye XX anaweza kuzaliwa mvulana.